Mama Amenisahihisha Hewani

Jumapili jioni, Matisi, Kitale. Mvua imenyesha tangu mchana na nguo zangu bado ziko kwenye kamba. Wacha ziloe. Leo roho yangu imetulia.

Niseme ukweli bila kujisifu sana: Jumapili baada ya kanisa, hapa Kitale, kipindi cha redio cha kusikilizwa ni changu cha muziki wa kantri. Najua kuchagua nyimbo, najua kuwatania wanaopiga simu, na ninazotunga mwenyewe siwezi kuzionea haya mbele ya zile za Wamarekani. Kitu kimoja tu kilikuwa kinaninyima usingizi. Wimbo wangu mpya unamhusu mama, na mama husikiliza kila Jumapili kule kwetu Misikhu, Bungoma.

Unaeleza siku baba alipotuacha akaja kuanza boma lingine huku Kitale. Nyumbani hatujawahi kuizungumzia siku hiyo. Nilikuwa mdogo, nakumbuka tu mgongo wa baba na sanduku lake. Kwa hiyo palipobaki wazi nilijaza machozi. Mama amesimama langoni, analia. Kantri bila mtu wa kulia ni ugali bila mboga.

Sikumwomba ruhusa. Niliogopa angekataa.

Leo nimeuimba studio na gitaa langu, bila kusema unamhusu nani. Simu ya kwanza kuingia ilikuwa ya mama. Hakupiga yangu. Alipiga ya studio kama msikilizaji mwingine yeyote, akaniita mtangazaji, akawasalimia wasikilizaji wote kwanza.

Kisha akasema, "Huyo mama wa wimbo ni mimi. Na mimi sikulia. Mvua ilikuwa imeanza, nilikuwa napanda mahindi. Ati nisimame kwa lango nalia? Nani angepanda?"

Uso ulinichoma. Bungoma na Trans-Nzoia zote zilikuwa zinasikiliza. Mtangazaji mwingine angekimbilia matangazo ya biashara. Mimi nilimwambia asikate simu, nikashika gitaa, nikauimba ubeti ule upya: mama yuko shambani, jembe mkononi, mvua mgongoni, wala hageuki kumtazama anayeondoka. Sikuhitaji hata kufikiri. Sijawahi kutunga ubeti mzuri kuliko huo, na sehemu kubwa ni kazi yake.

Nilipomaliza bado alikuwa kwenye simu.

"Sasa hiyo ni wimbo, mama," akaniambia, vile huniita mimi bintiye tangu utotoni. "Tumia baba yako salamu nayo. Mwambie mahindi ilitoka vizuri."

Nikatuma salamu hizo hewani, nikamtaja baba kwa jina lake kamili. Sijui kama alikuwa anasikiliza, na kwa mara ya kwanza sijali. Kisha nikaweka matangazo, nikalia peke yangu mpaka yakaisha.

Kesho asubuhi naurekodi upya, vile alivyosema mwenyewe.