Viatu vya Hadija

Newala, Jumanne

Hasira haijanitoka. Leo wanafunzi wangu wa kidato cha sita wanaotaka sheria na upolisi waliigiza kituo cha polisi. Hadija, anayetaka upolisi, alikuwa shahidi. Alipoingia tu, akavua viatu na kukaa sakafuni.

"Nani kakuambia uvue?"

"Baba alivuliwa viatu kituoni na kukalishwa chini, Mwalimu. Alikwenda kueleza alivyoona korosho za jirani zikiibwa."

Wenzake wakacheka. "Afande wetu huyo!"

Mtu kaenda kuwasaidia polisi, wakamkalisha chini! Na mimi, mhubiri wa haki, sijawahi kuuliza shahidi anakaa wapi.

Nikamuuliza kama bado anataka upolisi.

"Nataka, Mwalimu. Nitaweka benchi."

Nimesaini fomu yake ya kuomba chuo cha polisi. Naogopa chuo kitanirudishia Hadija mwingine, anayewaamuru watu wavue.