Kifuniko cha Mavyaa

Moshi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Baada ya kukuamkia, mimi mzima, na mjukuu wako Hemedi mzima, ana meno mawili sasa. Je, lile goti linakusumbua bado? Na upande wa jikoni mmekwisha ezeka? Mume wangu Bakari hajambo, kama kuwa hajambo ni kukaa baina ya mama yako na mkeo ukisafisha miwani.

Mama, uliniambia nivumilie. Nimevumilia. Zile barua za "hatujambo sote" zilikuwa uongo mtupu.

Unajua mimba ya kwanza hurudi kwa mama, nawe ulikwisha nitandikia kitanda. Mavyaa, yule bibi wa mjini Ngamiani aliyekuja huku kumlinda mwanawe nisimle, akasema mjukuu wake hazaliwi kwenye magamba ya samaki wa Kigombe. Nikabaki. Kisha akatoa elimu yake: mjamzito akilala mchana huzaa mtoto goigoi. Basi kila nilipojiegesha alikuja na kifuniko cha sufuria, akakigonga kwa mwiko sikioni pangu. Miezi mitano, Mama. Moyo ulinienda mbio hadi jioni, chakula hakipiti. Mwanamke hajui kupika wali usiungue, lakini mimba za watu anazijua.

Kweli mtoto si goigoi. Kifuniko kikigusa sufuria tu anakakamaa, anapaliwa na maziwa, analia mpaka sauti inamkauka. Na mwenye kifuniko kasema nini? Eti ni pepo wa watu wa Kigombe, yumo kwenye maziwa yangu. Nimwachishe ziwa, yeye amchukue Ngamiani kwa mganga wake, akamlee huko huko. Bakari akasafisha miwani.

Nikampeleka mtoto kliniki. Mkunga wa pale ni Mbondei wa Muheza. Akaniuliza jambo ambalo hajaniuliza mtu: mimba ile niliibeba vipi? Nikalia, nikamweleza yote.

"Mama akiishi kwa hofu, mtoto tumboni hupata fungu lake," akasema. "Huyu hana ugonjwa. Mpe utulivu, na ziwa usimnyime."

Nikamfikishia mavyaa maneno hayo kwa adabu. Akacheka, akauliza tangu lini tumbo likawa na masikio. Alikuwa akinywa chai kwenye kikombe chake chenye picha ya Malkia, ambacho mimi siruhusiwi hata kukiosha. Nikampeleka mtoto kwa jirani, nikarudi na kifuniko, nikapita nyuma yake, nikakigonga mara moja. Chai kifuani, Malkia chini vipande viwili.

Nikamuuliza, "Mama, kumbe na wewe una pepo wa Kigombe?"

Bakari akaweka miwani chini. Kesho yake akanikatia tikiti ya gari moshi nije kwako. Najua mtu mzima hafanyiwi hivyo, na sijuti hata kidogo.

Nakuja Jumamosi na Hemedi, na mwingine wa miezi mitatu tumboni. Huyu hatabebwa chini ya kifuniko cha mtu.

Nisalimie Baba, na shangazi msusi wa mikeka, na mjomba mwadhini. Bibi, mwenye jiko lake, mbusu mikono. Ila mwambie siku nitakayofika, wali aufunike kwa jani la mgomba.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha