Upande wa Pili wa Shuka

Chumba cha uani,
Nyumba ya Fundi Saa,
Jumapili mchana.

Mpendwa binti wa kaka yangu,

Hujambo mwanangu? Kifua kimepona, au bado unakohoa? Mimi mzima, ila miguu inavimba na hasira haziniishi.

Umeniuliza hao wenzako wa kazini, wanaokuchimba habari za ndoa yako iliyovunjika, uwaambie kiasi gani. Waambie chai unakunywa bila sukari. Inatosha.

Unajua kazi yetu ya kufua kule hospitali. Shuka haikunjwi na mtu mmoja. Mnashika ncha, mnatazamana, mnasogeleana. Ukimtazama mtu hivyo kutwa nzima, mdomo hufunguka wenyewe. Nilimfungulia moyo mwenzangu Mama Kicheko, nikamwambia nilitolewa kizazi nikiwa msichana. Alilia, akanikumbatia. Kufika mchana, hata dereva wa gari la nguo alikuwa ananipa pole.

Tangu hapo nguo za wodi ya wazazi hazipiti mikononi mwangu. Eti nitawatia mkosi watoto wa watu. Shuka nazikunja peke yangu, ncha nimeibana kwenye droo. Mama Kicheko sasa ana mimba. Wamechangishana zawadi, mimi wakaniruka kama dimbwi. Wanga wakubwa!

Mwezi huu akaja msichana mgeni, akashika upande wa pili bila kuambiwa. Akauliza kama nina watoto. Nikasema ninaye binti, yuko mbali, anakohoa na dawa hamalizi. Nilikusifia mpaka mwenyewe nikaamini. Nikawa na mtu wa kukunja naye, tena tukicheka.

Alhamisi ukapiga simu ya kazini kunijulia hali. Mama Kicheko, aliyekuwa amenisikia nikikuita binti yangu, akaipokea, akaweka spika.

"Unamtaka mama yako, siyo?"

Nawe, kwa adabu zako zote: "Hapana, namtaka shangazi."

Walicheka wakashika mbavu. Msichana aliweka ncha yake chini taratibu, akahamia meza nyingine.

Sikulaumu. Wao niliwaambia yote, wewe wa damu yangu sikukuambia hata nusu.

Msalimie kaka yangu na mkewe. Yule mumeo wa zamani ukimwona, mwambie namwombea jino bovu. Wewe Mungu akufunike, na dawa umalize.

Na ukipiga tena, mwanangu, sema unamtaka mama. Waache wacheke.

Akupendaye kuliko wote,
Shangazi yako