Raba Ulizonitumia, Baba

Tuwan, Kitale

Baba mpendwa,

Huku mvua imenyesha na mahindi ya dada yako, Senje Rispah, yamechipuka vizuri. Uliniambia msichana mkubwa haruki miguu mitupu mbele ya watu, ukanitumia raba. Nilizivaa kwa kukutii. Lakini soli ni nene, mguu hauuhisi ubao wa jimnastiki, basi nikateleza nikavunjika mkono. Usishtuke, unapona.

Senje akaniambia, "Si uache tu hii michezo, babako afurahi."

"Siachi, Senje."

Plasta ikitolewa nitavaa viatu laini vya soli nyembamba. Nikivikosa, nitaruka miguu mitupu. Mashindano ni Bungoma, mwezi wa nane. Ukiona ni aibu, Baba, baki huko nyumbani Myanga. Mimi nitaruka.

Binti yako anayekupenda bado,
Nakhumicha