Binti wa Musoke

Mjukuu wangu Mariamu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Mombasa. Sisi huku Doha hatujambo. Shangazi yako amehamia Al Wakrah, na mguu wangu umepata nafuu.

Umeniuliza umwambie nini rafiki yako aliyefiwa na mama.

Mtaa huu ninaokaa, uliojaa gereji na maduka, zamani ulikuwa vyumba vyetu tu, wafanyakazi wa kiwanda cha matofali. Nilikaa chumba kimoja na Musoke, Mganda. Siku moja akaletewa habari kwamba binti yake amefariki, na ruhusa ya kwenda kuzika akanyimwa. Nikamwambia, "Jikaze, ndugu yangu," nikaenda kazini.

Niliporudi jioni nilimkuta amekaa palepale kitandani.

"Umeniambia nijikaze," akasema. "Hukuniuliza hata mtoto wangu alikuwa anaitwa nani."

Niliona aibu. Nikaketi kando yake, nikamwuliza.

"Sanyu," akasema, kisha akanisimulia habari zake mpaka sauti ikamkauka.

Mkataba wake ulipoisha alirudi kwao, na sijamsikia tena. Lakini Sanyu, ambaye sikuwahi kumwona, bado namwombea kwa jina lake.

Mpe mama yako salamu zangu.

Babu yako,
Hamisi