Mama Mkwe Anatikisa Bara

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla sijaumbuka, maana mimi ni mwanafunzi wa uzamivu, nasomea jinsi bara linavyopasuka polepole na jinsi mvuke wa moto ulio chini unavyoweza kutupa umeme, na kazi yangu inahitaji kipima mitetemo, chombo kinachohisi ardhi ikitikisika hata kidogo, basi nikakifukia uani kwangu karibu na chumba cha mama mkwe, ambaye alikuwa akiishi peke yake tangu afiwe na mumewe, tukamleta kwetu alipoumia goti hadi apone, hafui, hafagii, hata maji ya kunywa mke wangu humpelekea kitandani, nikaona pale ndipo pametulia kuliko kote.

Kumbe! Kila tukishaondoka asubuhi grafu inaruka, nikampelekea msimamizi wangu, akashangilia mbele ya wenzangu wote, "Huo ni mvuke unapanda! Bwana wee, umekalia hazina!" na sasa wafadhili wa masomo yetu wanakuja wiki ijayo kuchagua pa kuchimba kisima, na mimi ndiye nitakayewaeleza, ila juzi nilirudi kuchukua chaja nikakuta redio imefunguliwa hadi mwisho, nikachungulia dirishani, mama mkwe anacheza, mshauri, anaruka, na goti bovu ndilo linaloongoza! Aliponiona akashika goti, tena si lile bovu, akasema, "Baba, tusitiriane." Nikisema, mke wangu na mama yake watavurugana, nikinyamaza, watachimba uani kwangu kutafuta mvuke wa mama mkwe na shahada yangu itaingia humo humo shimoni. Silali. Nifanyeje?

Mkwe Njia Panda

Mkwe Njia Panda, pole. Nimecheka kwanza, sasa nakusema. Miaka yote hiyo ya shule, na hukuuliza nani anabaki nyumbani? Uliona mvuke kwa sababu mkubwa wako alitaka mvuke. Kesho asubuhi nenda kwake umwambie, "Nilikosea, kuna mtu anacheza muziki karibu na chombo." Goti usilitaje, halimhusu. Atafoka, mwache afoke. Afadhali aibu ya ofisini kuliko ya kisima kitupu mbele ya wageni.

Kisha kaa na mama mkwe, bila vitisho. Mwanamke anayejua kucheza hivyo hajilazi kitandani kwa raha. Ulisema mwenyewe, mlimleta hadi apone. Akipona anarudi wapi? Kwenye nyumba isiyo na mtu wa kumwamkia. Mwanangu, huyo haogopi ufagio, anaogopa kufungashiwa mizigo, na mimi nimemhurumia kuliko wewe. Mwambie abaki hata kama magoti yote mawili ni mazima. Lakini ukweli wa goti amwambie bintiye yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, na nguo za wiki hii afue yeye.

Chombo nacho kihamishe. Ukikosa pa kukipeleka, muulize anacheza saa ngapi, upate kumtoa kwenye grafu bila kumtoa nyumbani.