Mapigo ya Moyo wa Tata

Ekerenyo, Nyamira
Jumatano asubuhi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa kwenye mkeka wako, upande ule wa upepo, na goti limepoa. Bado unalikanda, ama umeacha kwa sababu hakuna wa kukuchemshia maji? Karisa asikwambie hana nafasi. Mwambie dada yake amesema achemshe. Sisi huku tu wazima, ila baridi haijanizoea na mimi sijaizoea. Nguo nilizofua Jumatatu mpaka sasa zinanitazama kambani, mbichi vilevile.

Najua utauliza kwa nini naandika wakati simu ninayo. Nyumba yetu na ya wakwe zangu zinatazamana, na mimi nikiongea na nyumbani sauti hupanda yenyewe. Jambo hili linamhusu baba mkwe, siwezi kulitangazia boma zima. Mama, nimechanganyikiwa kweli.

Unakumbuka yale masomo yangu ya michezo na mazoezi ya mwili, hatua ya kwanza, ninayosoma kwa simu. Ulicheka ukaniuliza kama siku hizi watu wanafundishwa kukimbia. Basi nimefika mwisho mwisho. Shule moja upande wa Sironga imeniahidi kazi ya msaidizi wa michezo nikipata cheti, kwa hiyo nasoma kila siku nikitoka kuchuma chai. Mwalimu yuko Nairobi. Uso wake sijauona, namjua kwa sauti na kwa ujumbe wake mfupi mfupi.

Zoezi la mwisho ndilo lililonikwaza. Kila mwanafunzi atafute mtu mmoja aliyepita miaka hamsini, amtembeze wiki sita, na ahesabu mapigo ya moyo wake kila mara: kabla ya kutembea akiwa ametulia, na baada ya kutembea. Ile hesabu ya kwanza mwanafunzi lazima awepo mwenyewe. Bila ripoti hiyo hakuna cheti, na bila cheti kazi ya Sironga anapewa mwingine.

Nilianza na jirani mmoja tunayesali naye. Siku ya tatu akaniambia hawezi kuonekana barabarani akienda mahali ambapo haendi. Nikamwomba mama mkwe, akasema yeye hutembea na kikapu cha chai mgongoni, nikitaka nihesabu kikapu. Nilikuwa nimekata tamaa wakati Nyakundi, mume wangu, aliporudi kutoka kwa wazazi wake akaniambia, "Tata amesema atatembea yeye." Tata ndivyo wanavyomwita baba huku. Mzee huyu alikuwa karani wa kupima chai miaka mingi, sasa amestaafu, hukaa na redio yake. Nilifurahi hata sikujiuliza kitu.

Siku ya kwanza nikamfuata barazani. Kitabu kinasema uweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono. Nikamshika mkono, Mama. Mbele ya mama mkwe na mwanamke aliyeleta maziwa. Tata aliutazama mkono wake kama umekuwa wa mtu mwingine. Akauvuta taratibu, akasema, "Hapana, mke wa Nyakundi," akaingia ndani, na siku hiyo hakutoka tena.

Nyakundi aliporudi kazini akashika kichwa. Hapa kuna heshima wanayoiita chinsoni, kati ya wazazi na watoto wao, na zaidi kati ya mzee na mke wa mwanawe. Hawasalimiani kwa mkono. Mzee haingii nyumba yetu hata mvua ikimnyeshea mlangoni. Haya nilikuwa nayajua, lakini nilidhani ya masomo ni mambo mengine. Nililia, nikajua cheti kimekwenda.

Kesho yake mama mkwe akaniletea ujumbe kwamba Tata atajihesabia mwenyewe. Tukapanga hivi. Yeye anakaa barazani, mimi nasimama nje ya ua nimempa mgongo, nimeshika simu yenye saa. Nasema "Anza", dakika ikiisha nasema "Basi", naye anataja namba kwa sauti. Kisha wanapanda mlima na mama mkwe mpaka kituo cha kuuzia chai, anajihesabu tena kule juu kwa saa yake ya mkononi, na mama mkwe ananiletea jibu. Jumamosi hatuhesabu, maana ni Sabato.

Sasa sikiliza. Barazani, ametulia: mia moja na mbili. Juu ya mlima, anahema: themanini na nane. Siku ya pili vivyo hivyo, na wiki nzima hivyo hivyo. Kitabu kinasema moyo ukipumzika huenda polepole na ukipanda mlima huenda mbio. Wa Tata unafanya kinyume. Nikasoma somo lile mara tatu. Nikajipima mwenyewe nikaona mimi niko sawa na kitabu. Nikamwuliza Nyakundi kama mzee hukosea kuhesabu, akaniambia baba yake hajawahi kukosea hata kilo moja ya chai ya mtu. Mwalimu akajibu, "Umegeuza tarakimu. Rekebisha, la sivyo ripoti haitapokelewa." Sikugeuza kitu, Mama.

Nikaanza kuogopa ugonjwa. Unajua marehemu baba alivyotuondokea, ametoka kunywa chai. Nikamsumbua Nyakundi mpaka akampeleka Tata zahanati. Muuguzi akampima: sabini na nne, moyo mzima kabisa. Nyakundi alirudi anacheka, mimi nikazidi kupotea. Zahanati sabini na nne, barazani mia moja na mbili, na ni moyo ule ule.

Jana nikaamua kuacha. Tulikuwa tunamenya ndizi na mama mkwe, nikamwambia, "Mama, mwambie Tata apumzike. Nitamuua kwa ule mlima."

Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Kadzo, hiyo mlima amepanda tangu azaliwe. Hiyo si mlima. Mlima ni wewe."

Nikamwuliza mimi ni mlima vipi.

"Unasimama hapo kwa ua, unamwambia aseme moyo yake imepiga mara ngapi. Wewe, bibi ya kijana yake. Nani ameona hiyo kitu hapa Ekerenyo? Jumamosi hata hashibi, anajua kesho asubuhi utaita."

"Sasa kwa nini alikubali?"

Akaokota kisu. "Alisema huyu msichana ametoka mbali na hana baba. Nani atamsaidia masomo?"

Mama, nilishindwa kuimenya ile ndizi iliyokuwa mkononi mwangu. Wiki nne mzee wa watu amekaa barazani moyo ukimkimbia kwa haya, na mimi nimempa mgongo nasema "Anza". Nikamwomba mama mkwe amwambie basi, nimeridhika, cheti nakiacha. Jibu likarudi kabla ya jioni: zimebaki wiki mbili, atamaliza.

Kwa hiyo sijui nifanye nini. Fomu ina mahali pa kuandika sababu, nami sababu ninayo, ila kitabu kizima hakina neno lake. Nikigeuza tarakimu napata cheti na nimemfanya karani mwongo. Nikiziacha, labda Sironga ndiyo basi. Ungekuwa wewe ungeandikaje?

Leo asubuhi nilienda kwenye ua nikiwa mwoga kuliko yeye. Nikasema "Anza." Nikasema "Basi." Akasema, "Tisini na sita."

Imeshuka, Mama. Somo la pili linasema moyo ukizoezwa kila siku na jambo lililokuwa zito, huanza kulizoea. Nimeiandika tisini na sita kama ilivyo, na kwenye sababu nimeanza kuandika.

Nisalimie Karisa, na shangazi Kache mwuza mahamri, na mjomba Ngala fundi wa baiskeli, na mama jirani anayekusomea barua hii. Mwambie hapo kwenye habari za Tata apunguze sauti. Ni mzee wa heshima.

Ni mimi mwanao, ambaye huku nako, nimegundua jana, ni mtoto wa mtu,

Kadzo